Utunzaji wa Baiskeli ya Milimani

Katika nchi ya milima kama Usambara, mwenye baiskeli ana faida kubwa kuliko mwenziwe aendaye kwa miguu, lakini pia ana hatari asiyoijua mtu wa tambarare. Mtu wa tambarare breki zake zikiharibika, huburuza miguu akasimama. Mtu wa mlimani breki zake zikiharibika, hasimami mpaka asimamishwe na mti au mwamba. Kwa sababu hiyo nataka kuwaeleza wazee, walimu na vijana mafunzo machache niliyoyapata katika kuitunza baiskeli ya milimani. Sikuyapata chuoni. Naliyapata kwa gharama, na sehemu ya gharama hiyo haikulipwa na mimi.

ASILI YAKE

Baiskeli ya milimani ni ile yenye fremu imara, matairi mapana yenye meno, breki za nguvu, na giya nyingi za kupandia. Asili yake ni Marekani, katika wilaya ya Marin, jimbo la California, kaskazini ya mji wa San Francisco. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, wakazipandisha milimani, kisha wakashindana kuteremka. Tangu mwaka 1976 walifanya mashindano katika njia moja ya vumbi karibu na mji mdogo wa Fairfax, ambayo huteremka kama mita 400 katika mwendo wa kilometa 3 tu.

Breki za baiskeli hizo zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mpandaji akirudisha pedali nyuma, ndipo zikamate. Kwa ukali wa mteremko kitovu kilipata moto hata grisi ikaungua na kutoka kama moshi. Baada ya kuteremka ilikuwa hapana budi kukifungua na kukijaza grisi mpya. Ndiyo sababu njia ile ikaitwa Repack, maana yake kujaza tena. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda baiskeli mpya kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 1996 mashindano ya baiskeli za milimani yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki kule Atlanta.

Basi angalieni: njia yao mashuhuri haikupewa jina la mshindi wala jina la mlima. Ilipewa jina la kazi ya kutengeneza. Walijua ya kuwa atakaye kuteremka kesho, sharti leo ashike spana.

KOSA LANGU

Mimi ni karani, na nyumba yangu iko katika kijiji kimoja juu ya Soni, wilaya ya Lushoto. Baiskeli yangu naliinunua ikiwa imekwisha kutumika, nami naliipenda sana, ila kuipenda kwangu kulikuwa kwa kuipanda tu. Mwaka mmoja, kwa muda wa majuma matatu, breki ya mbele ilikuwa ikilia kila niikamatapo. Nalisema moyoni, "Nitanunua pedi mwisho wa mwezi."

Siku moja ya Novemba, mvua za vuli zikinyesha, mpwa wangu akaniomba baiskeli ateremke Mombo kwa haja yake. Kijana huyo alikuwa amebakiza siku sita kabla ya mtihani wake wa kidato cha nne. Nalimpa, wala sikumwambia neno juu ya breki. Kwenye kona moja chini ya Soni alikamata breki zote mbili; ya mbele haikushika, ya nyuma ikateleza katika tope, akatupwa mtaroni. Alivunjika mtulinga wa kulia. Mkono wa kuandikia ukafungwa kifuani, na mtihani ukapita. Alingoja mwaka mzima ndipo akaufanya.

Jioni ile nalifungua breki nikatazama. Pedi zilikuwa zimekwisha kabisa, kimebaki chuma kitupu kikisuguana na chuma. Bei ya pedi mpya ilikuwa ndogo kuliko nauli ya gari lililompeleka hospitali. Dada yangu aliniambia maneno haya tu: "Kaka, baiskeli yako ililia majuma matatu, nasi sote tuliisikia. Wewe mwenyewe ndiwe hukuisikia."

Tangu siku ile nalianza kujifunza. Haya ndiyo niliyoyapata.

SOMO LA KWANZA: BREKI

Kila juma tazama pedi za breki. Katika breki za diski, ile sehemu laini iliyobandikwa juu ya kibao cha chuma ikibaki chini ya milimita 1, nunua nyingine, usingoje sauti. Diski nayo hulika. Ikiwa nyembamba kuliko kipimo kilichochorwa juu yake, yapasa kubadilishwa. Nyingi huandikwa milimita 1.5.

Breki ikilia, usitie mafuta. Nalimwona mtu akifanya hivyo ili iache kelele, nayo ikaacha kelele na kukamata pia. Pedi hunyonya mafuta kama sifongo, na hayatoki upesi. Diski chafu isafishwe kwa spiriti na kitambaa kisafi, na pedi zilizolowa mafuta zibadilishwe. Hata mafuta ya vidole hudhuru, basi usishike uso wa diski. Tena ukitoka kuteremka mteremko mrefu usiiguse kabisa, kwani huwa na moto wa kuchoma ngozi.

Kama breki zako zaendeshwa kwa mafuta ndani ya mrija, soma maandishi yaliyo juu yake kabla hujaongeza. Ziko zinazotumia mafuta ya madini, na ziko zinazotumia maji ya breki yaitwayo DOT. Ukitia aina isiyo yake, mipira ya ndani huharibika, na breki hufa siku usiyoitazamia.

Na katika kuteremka usishike breki kidogo kidogo tangu juu hata chini. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, kwa mikono yote miwili, kisha achia ipate kupoa.

SOMO LA PILI: MNYORORO

Mnyororo huongezeka urefu kwa sababu pini zake hulika. Naliacha kuupima mwaka mzima, kisha nikanunua mpya nikaufunga juu ya meno ya zamani. Siku hiyo hiyo, nikipanda mlima, mnyororo mpya uliruka juu ya meno yaliyolika, goti langu likagonga usukani, na ikanilazimu kununua meno pia. Laiti ningeubadilisha mapema, meno yale yangedumu.

Kupima ni rahisi. Chukua futi ya seremala, weka mwanzo wake katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele. Mnyororo mpya utapata inchi 12 kamili. Ukipata inchi 12 na sehemu moja ya kumi na sita, nunua mwingine. Ukipata inchi 12 na sehemu moja ya nane, yaelekea meno nayo yamekwisha kulika.

Kutia mafuta kuna utaratibu wake. Kwanza futa mnyororo kwa kitambaa mpaka uchafu utoke. Tia tone moja juu ya kila kiungo, zungusha pedali nyuma kwa muda kidogo, kisha futa tena mafuta yote yaliyo nje. Mafuta yenye kazi ni yale yaliyoingia ndani. Yaliyobaki nje hukusanya vumbi, na vumbi pamoja na mafuta ni msasa.

SOMO LA TATU: MIPIRA

Siku moja katika nyika ya chini ya milima naliziba tundu moja la mpira mara tatu. Kila nilipokwisha kujaza upepo na kwenda hatua chache, upepo ulitoka. Kumbe mwiba wa mgunga ulikuwa umebaki ndani ya tairi, nami nalihangaika na mpira wa ndani tu. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Basi kabla hujarudisha mpira wa ndani, pitisha vidole polepole ndani ya tairi, mzunguko wote, nawe utaupata mwiba.

Kadhalika usijaze upepo hata tairi liwe gumu kama jiwe ukidhani ndiyo nguvu. Kando ya kila tairi imechapwa kiasi chake, usikipite. Katika njia ya mawe na tope tairi lililolegea kidogo hushika ardhi vizuri zaidi. Lakini likilegea mno, chuma cha gurudumu kitagonga jiwe na kuubana mpira wa ndani, nao utatoboka matundu mawili yaliyo sambamba, mithili ya meno ya nyoka. Ukiona matundu ya namna hiyo usitafute mwiba, tafuta pampu.

SOMO LA NNE: GIYA BAADA YA KUANGUKA

Nyuma ya fremu, upande wa kulia, kipo kipande kidogo cha chuma kinachoshika kile kifaa cha kuhamisha mnyororo. Kipande hiki kimefanywa kiwe laini makusudi, ili baiskeli ikianguka kipinde hicho, fremu ipone. Mimi sikulijua jambo hili. Nalianguka kwa upande wa kulia, nikainuka, nikafuta vumbi, nikaendelea. Nilipofika penye mlima na kuingiza giya ndogo kabisa, kifaa kile kiliingia katika spoku, kikavunja tatu, na gurudumu likakwama.

Basi baiskeli ikianguka upande wa kulia, simama nyuma yake utazame kama kifaa hicho kimenyoka sawasawa na gurudumu. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, pitisha giya zote polepole. Kama kimepinda kuelekea spoku, usiingize giya ndogo kabisa mpaka ufike kwa fundi.

SOMO LA TANO: MAJI NA GOLOLI

Tope la Usambara hushika sana, na mtu hutamani kuliondoa kwa bomba la nguvu kama lile la kuoshea magari. Nalifanya hivyo, na baiskeli iling'aa. Baada ya mwezi mmoja vitovu vya magurudumu vilianza kukwaruza kama mtu atafunaye mchanga. Maji ya nguvu yalikuwa yameingia kwenye gololi na kuondoa grisi. Osha kwa ndoo, kitambaa na brashi; kausha; kisha tia mafuta kwenye mnyororo.

Ili kujua kama gololi za usukani zimelegea, kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongo wa kugonga mkononi, zimelegea. Magurudumu nayo, yashike juu uyatikise upande na upande, yasicheze.

SOMO LA SITA: PEDALI NA NATI

Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha desturi, yaani kwa kuzungusha kama uendavyo mshale wa saa. Imefanywa hivyo ili isijifungue yenyewe mtu akiendesha. Mimi naliishindania kwa spana na bomba refu kwa upande usio wake, hata nikaharibu njia ya nati katika mkono wa pedali. Paka grisi kidogo kabla ya kuirudisha, nawe utaifungua kwa urahisi siku nyingine.

Nati za usukani zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, wala zisikazwe kwa hasira. Iliyolegea huleta ajali, na iliyokazwa mno hukatika.

RATIBA

Kila siku kabla ya kupanda: kamata breki mbili, bonyeza mipira miwili, tikisa usukani. Kazi hii haizidi dakika moja. Kila juma: futa mnyororo na kutia mafuta, tazama pedi, gusa spoku zote, iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake wa upande wake. Kila mwezi: pima mnyororo, kaza nati, sikiliza gololi. Na ukimwazima mtu baiskeli, mwambie kila kasoro unayoijua. Na kama kasoro iko katika breki, usimwazime.

Walimu wangefanya vema kama wangeweka shuleni sanduku moja lenye pampu, viraka, spana chache na futi ya seremala, wakawafundisha wanafunzi waendao kwa baiskeli. Wazee nao wangefanya vema kuuliza, kijana apitapo na baiskeli iliayo, "Inalia nini?"

Mpwa wangu sasa ana baiskeli yake mwenyewe. Kila ajapo nyumbani kwangu, kabla hajanisalimu, huikamata breki ya mbele ya baiskeli yangu na kuisukuma. Ikishika, ndipo asemapo, "Shikamoo, mjomba." Nami humjibu, wala sioni vibaya.