Ukipitia Picha za Zamani za Coney Island

Kusini kabisa mwa Brooklyn, jijini New York, kuna ufukwe wa Coney Island, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa na bustani tatu kubwa za burudani: Steeplechase ya George Tilyou, iliyofunguliwa 1897, Luna Park ya 1903 na Dreamland ya 1904. Zote zilikwisha kutoweka, lakini picha zake zimejaa tele. Wengi wanazipitia mbiombio, wanashangaa minara, basi. Picha hizi zinastahili zaidi ya hapo, kwa hiyo chukua muda wako na ujaribu haya.

1. Tafuta mwaka ndani ya picha yenyewe. Ukiona njia pana ya mbao kandokando ya bahari, yaelekea picha ni ya 1923 au baadaye. Gurudumu kubwa la Wonder Wheel lilianza kuzunguka 1920, na reli za mbao za Cyclone, zile za vigari vinavyopanda taratibu kisha kuporomoka, ni za 1927. Alama ninayoipenda kuliko zote ni mnara mweupe wa Dreamland, kwa sababu uliishi misimu saba tu. Usiku wa kuamkia 27 Mei 1911, mafundi walikuwa wakikarabati mchezo mmoja kwa lami ya moto ili wawahi ufunguzi wa msimu. Lami ikashika moto, na kulipokucha bustani nzima ilikuwa majivu. Kwa hiyo kila picha yenye mnara ule ilipigwa kabla ya usiku huo.

2. Kama ni postikadi, angalia mwandiko uko wapi. Kabla ya Machi 1907, sheria za posta za Marekani ziliruhusu anwani peke yake upande wa nyuma. Mtu aliyetaka kumsalimu nduguye aliandika mbele, juu ya picha. Ndiyo maana utakuta salamu zimebanwa pembeni, zimepanda hadi angani, zimeuzunguka mnara. Wauzaji wengine huona kadi hizo zimechafuka. Mimi ningezichagua kwanza, maana zina bustani na mtu aliyefika pale, pamoja.

3. Usiuamini mwezi mpevu. Kadi nyingi za “usiku” zilipigwa mchana, kisha mafundi wa rangi wakatia giza, madirisha ya manjano na mwezi juu ya bahari. Tazama chini: kivuli kikali cha jua kitakuambia ukweli. Lakini taa zenyewe hazikuwa uongo. Luna Park ilijivunia taa za umeme 250,000, wakati ambapo nyumba nyingi hazikuwa na hata moja. Katika picha za kweli za usiku, bustani huonekana haina watu. Walikuwepo, tena kwa maelfu, ila kamera ililazimika kubaki wazi muda mrefu ili inase mwanga, na kila aliyekuwa akitembea hakuacha alama. Aliyesimama kidogo amebaki kama moshi karibu na mlango.

4. Kuza picha hadi uone nyuso. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni, bila malipo, picha za kampuni ya Detroit Publishing zilizopigwa kwenye vioo. Zina undani wa kustaajabisha. Utaona wanaume wamekaa mchangani na suti, tai na kofia za majani. Wanawake wameingia majini na magauni meusi na soksi ndefu. Angalia pia kamba zilizofungwa kwenye nguzo na kunyooshwa baharini: wasiojua kuogelea walizishikilia, wimbi likija wanaruka nalo. Kisha ifungue picha ya ufukwe huo iliyopigwa na mpiga picha Weegee Julai 1940. Treni ya chini ya ardhi ilikwisha kufika huko, nauli senti 5, na mchanga hauonekani kwa umati wa watu wanaomtazama mpiga picha. Wengi wao walikuwa watu wa kazi za jasho, waliojinyakulia siku moja ya bahari.

5. Zile zinazouma, zitazame pia. Tarehe 4 Januari 1903, Luna Park ikiwa bado inajengwa, tembo jike aitwaye Topsy aliuawa hapo kwa umeme mbele ya kamera ya sinema. Mwaka 1905 Waigorot kutoka Ufilipino waliwekwa bustanini humo watazamwe kama maonyesho. Huwezi kuzisifu taa na kuyanyamazia hayo. Halafu kuna picha zisizoeleweka kirahisi, za manesi waliovaa nguo nyeupe wakiwa wamebeba watoto njiti. Martin Couney aliwaweka watoto hao kwenye mashine za joto na kuwatoza watazamaji kiingilio. Fedha hizo ndizo zilizolipia matunzo, na wazazi hawakudaiwa kitu, enzi ambazo hospitali nyingi hazikuwa na mashine hizo. Aliendelea hadi 1943 na kuokoa maisha ya maelfu. Kutoza watu wamtazame mtoto mchanga kunanikera, na bado namshukuru.

6. Steeplechase iachie nafasi. Itambue kwa sura ya mtu anayecheka, meno yote nje, na farasi wa kuchongwa waliokimbizana juu ya reli. Ilidumu hadi 1964. Miaka miwili baadaye Fred Trump, aliyeununua uwanja, alilibomoa jumba la vioo la bustani hiyo, na wageni wakaalikwa kulirushia matofali. Picha za siku hiyo zinaniudhi kuliko za moto wa Dreamland.

7. Ukifika New York, nenda na nakala mkononi. Mnara wa kushuka kwa miamvuli ulioletwa Steeplechase 1941, wenye karibu mita 80, bado umesimama ingawa haurushi mtu tena. Cyclone na Wonder Wheel bado zinabeba abiria. Kwa alama hizo tatu na mstari wa bahari, unaweza kukisia alikosimama mpiga picha, ukapiga yako kutoka hapo hapo.