Jinsi ya Kuchagua Shoku ya Usukani kwa Gari Kuukuu la Barabara Mbaya

Katika sehemu nyingi za mashambani, Land Cruiser au Land Rover ya miaka mingi ndiyo inayobeba mgonjwa, mbegu, maji na abiria wa siku ya soko. Usukani wa gari kama hilo ukianza kutikisika, wengi hukimbilia kununua shoku mpya ya usukani. Wakati mwingine gari hupona. Mara nyingi hutulia wiki chache, kisha ugonjwa hurudi ukiwa mbaya zaidi. Funzo hili linaeleza kazi ya kifaa hicho, jinsi ya kujua kama kimekufa, na namna ya kuchagua kingine bila kupoteza pesa.

Kazi ya shoku ya usukani

Shoku ya usukani, ambayo mafundi wengine huiita dampa, ni silinda yenye oili na fimbo inayoingia na kutoka. Hulala chini ya gari upande wa mbele. Ncha moja hufungwa kwenye fremu au ekseli, na nyingine kwenye vyuma vinavyogeuza magurudumu. Gurudumu likigonga jiwe au shimo, oili hupita kwenye matundu madogo na kupunguza kishindo kabla hakijafika mikononi mwa dereva. Kifaa hiki hupatikana zaidi kwenye magari yenye ekseli nzima ya mbele, kama vile Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, Land Rover Defender na Suzuki Jimny.

Jambo la kukumbuka ni kwamba shoku hii hutuliza mtikisiko. Haiondoi chanzo chake.

Kwanza, tafuta chanzo

Kabla ya kwenda dukani, gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe, na ekseli ya mbele iinuliwe kwa jeki kisha ikalie stendi imara. Mawe na matofali si stendi.

1. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, beringi za gurudumu au za kingipini zina kasoro.
2. Lishikwe kushoto na kulia, litikiswe. Likicheza, vichwa vya tairodi huenda vimelika.
3. Gari likiwa limeshuka chini, mtu mmoja ageuze usukani kidogo kidogo huku na huku, mwingine atazame bushi na bolti zote za mbele. Kwenye gari la springi za koili, fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni ichunguzwe kwa makini.
4. Matairi yakaguliwe kama yamelika upande au yamevimba, na yafanyiwe balansi.

Kasoro yoyote kati ya hizi itengenezwe kwanza. Shoku mpya juu ya tairodi iliyolika huficha hatari tu. Siku tairodi hiyo itakapochomoka, dereva hatakuwa na usukani.

Kuijua shoku iliyokufa

Unyevu mwembamba wa oili ulioshika vumbi si lazima uwe kasoro, lakini oili inayodondoka ni dalili kwamba sili imepasuka. Fimbo iliyopinda au yenye kutu haifai tena. Ikifunguliwa, shoku isukumwe na kuvutwa kwa mikono ikiwa imelala kama inavyokaa garini. Nzima hukaza kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Ikilegea ghafla mahali fulani, au ikikwama, imekwisha.

Mambo matano ya kuangalia dukani

Aina halisi ya gari. Jina la gari pekee halitoshi. Kwa mfano, mwaka 1999 Toyota ilibadilisha springi za mbele za pikapu ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 kutoka za mabamba hadi za koili. Mwenye gari aende na logibuku, ili namba ya chasisi na mwaka wa kutengenezwa vitumike. Shoku kuukuu pia ibebwe kwa kulinganisha.

Urefu. Usukani ugeuzwe hadi mwisho kushoto, kisha kulia, na kila mara umbali kati ya sehemu mbili za kufungia upimwe. Tuseme vipimo ni sentimita 35 na 57. Shoku inayojifunga hadi 33 na kufunguka hadi 59 itafaa. Ile inayoishia 36 ikifungwa itazuia gurudumu lisikate kona upande mmoja, na huenda ikapinda.

Ncha. Nyingine zina tundu lenye bushi ya mpira, nyingine zina pini. Ncha isichomelewe wala kutobolewa ili itoshee.

Oili au gesi. Baadhi ya shoku hujazwa gesi pamoja na oili. Gesi husukuma fimbo nje wakati wote, hivyo inaweza kuvuta usukani upande mmoja. Kwa matumizi ya kawaida, ya oili inatosha. Shoku ya springi isitumike badala yake, kwa sababu haikutengenezwa ifanye kazi ikiwa imelala, na mara nyingi ukazaji wake haulingani pande zote mbili.

Ugumu. Iliyo ngumu zaidi si bora zaidi. Huufanya usukani kuwa mzito na kuchelewa kurudi katikati baada ya kona.

Risiti idaiwe na itunzwe. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo anayohitaji kuzihusu.

Baada ya kufunga

Nati zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, na pini za kuzuia nati ziwe mpya. Usukani ugeuzwe hadi mwisho pande zote mbili kuhakikisha shoku haigusi mpira wa breki wala fremu. Gari lijaribiwe polepole kwenye barabara isiyo na watu kabla ya kubeba abiria.

Usukani ukitikisika kwa nguvu safarini, dereva aushike imara, aachie mafuta, apunguze mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa ghafla, kisha aegeshe kando ya barabara. Safari isiendelee hadi fundi aone gari.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tairodi ikaguliwe kabla ya kununua shoku?
2. Ikiwa vipimo vya gari ni sentimita 40 na 62, je, shoku inayofunguka hadi 61 itafaa? Eleza.
3. Gari limeanza kuvuta upande mmoja baada ya kufungwa shoku mpya. Ni nini cha kuangalia kwanza?