Kikombe cha Kuliwa: Somo kwa Waokaji wa Kaptembwo

Kikombe cha plastiki kinachotupwa Kaptembwo hakipotei. Mvua ikinyesha, maji hukisukuma hadi mtaroni, na maji ya mvua ya upande huo wa jiji huteremka kuelekea Ziwa Nakuru. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia humo hubaki humo.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kote nchini tarehe 28 Agosti 2017. Kuanzia 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, yaani vikombe, sahani, vijiko, mirija na chupa za maji, zilipigwa marufuku ndani ya mbuga na maeneo mengine yaliyohifadhiwa, Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru ikiwemo. Wanafunzi wanaoingia mbugani kwa ziara na familia zinazobeba chakula zinahitaji vyombo vingine. Uzio wa mbuga hiyo hauko mbali na Kaptembwo na Rhonda, mitaa yenye waokaji wengi wa mandazi, chapati na keki. Kwa vikundi vya vijana na akina mama wanaotafuta bidhaa mpya, somo hili linahusu chombo ambacho mteja hukila baada ya kukitumia.

Wazo lenyewe si geni. Nchini Ethiopia na Eritrea, mchuzi humiminwa juu ya injera, na injera hiyo huliwa hadi kipande cha mwisho. Uganda wana rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Hapa Nakuru, anayenunua smokie iliyozungushiwa chapati hahitaji sahani wala kijiko. Koni ya aiskrimu nayo ina zaidi ya miaka 100: Italo Marchiony, mhamiaji kutoka Italia, alipata hataza ya mashine ya kutengenezea vikombe vya aina hiyo nchini Marekani mwaka 1903, na maonyesho ya St. Louis ya 1904 yakaisambaza.

Mfano unaofaa zaidi kwa mwokaji wa Bonde la Ufa uko India. Mtafiti Narayana Peesapaty wa Hyderabad alianzisha kampuni ya Bakeys mwaka 2010 ili kuoka vijiko vya unga wa mtama, mchele na ngano. Alichagua mtama kwa sababu haulainiki upesi ndani ya mchuzi, na pia kwa sababu ni zao lisilohitaji maji mengi shambani. Huko Poland, kampuni ya Biotrem hutengeneza sahani kwa pumba za ngano, lakini pumba hizo hubanwa kwa mashine yenye joto na shinikizo kubwa. Mwokaji mdogo ataiga vijiko vya Hyderabad kwa urahisi zaidi kuliko sahani za Poland.

Sasa jikoni. Adui wa kikombe cha kuliwa ni maji: yale yaliyobaki ndani ya unga uliookwa, na yale yanayopenya kutoka kwenye chai. Andazi hupendwa kwa sababu ni laini na lina matundu, ila matundu hayo ndiyo yangevujisha chai. Kwa hiyo kikombe hakitiwi hamira wala unga wa kuumua. Ngano ina gluteni, ambayo hushikamanisha unga ili uvutike bila kupasuka. Mtama hauna gluteni na peke yake hukatika, lakini ukikandwa kwa maji ya moto wanga wake hunata, kama anavyojua kila aliyesonga ugali. Ndiyo sababu unga wa aina mbili huchanganywa.

Kwa jaribio la kwanza, pima gramu 250 za unga wa ngano, gramu 250 za unga wa mtama, gramu 60 za sukari, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na mililita 60 za mafuta. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo, yapatayo mililita 250, hadi donge liwe gumu kuliko la chapati. Lifunike nusu saa. Gawa madonge ya gramu 60. Utapata kama 14. Sukuma kila moja hadi unene wa sarafu mbili za shilingi 10 zilizopangwa juu ya nyingine, kisha likandamize ndani ya kikombe cha bati kilichopakwa mafuta. Usilitoboe kwa uma kama biskuti. Weka karatasi ya kuokea ndani na ujaze maharagwe makavu ili kuta zisianguke.

Oka kwa nyuzijoto 170 kwa dakika 25. Ondoa maharagwe, paka ute wa yai ndani yote, kisha rudisha kwenye joto la chini, nyuzi 120 hivi, kwa dakika 40. Hatua hii ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo hasa inayofanya kazi: ute huziba vitundu vidogo, na joto la chini hukausha ukuta bila kuuunguza. Anayetumia sufuria juu ya jiko la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko, ataweza pia, ila awamu ya pili apunguze makaa ya chini na afungue kifuniko mara kwa mara mvuke utoke. Kikombe kilichokauka hulia kinapogongwa kwa ukucha.

Kabla ya kuuza hata kimoja, pima. Jaza vikombe vitano chai ya moto, viweke juu ya karatasi nyeupe na uandike dakika ambayo kila kimoja kilianza kulowesha karatasi. Rudia kwa vikombe vilivyokaa siku tatu, kisha wiki moja. Kikombe kinachovuja kabla mteja hajamaliza chai yake kitamchoma vidole. Ikiwa matokeo ni mabaya, uza vikombe hivyo kwa matunda yaliyokatwa, karanga, bhajia au aiskrimu. Hakuna aibu katika hilo. Koni ilianzia hapo.

Swali la bei ndilo lililozama biashara nyingi za namna hii. Kikombe cha unga hakiwezi kushindana na cha plastiki kwa bei, na mwokaji asijaribu. Donge la gramu 60 ni kama donge la andazi, tena linaokwa kwa muda mrefu zaidi. Mteja wa chai ya asubuhi tayari hulipia chai na andazi. Kikombe cha kuliwa kichukue nafasi ya andazi, kiwe na ladha ya iliki au tangawizi, na kiuzwe kama kitafunio. Kisicho kitamu kitatupwa, na mwokaji atakuwa ametumia unga, makaa na saa nzima kutengeneza taka. Jumlisha unga, sukari, mafuta, yai, makaa na vikombe vilivyovunjika, ugawe kwa idadi ya vikombe vizima. Vilivyovunjika visisahauliwe, mwanzoni huwa vingi.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa wazo hili duniani hawalitaji sana. Kikombe cha kuliwa nacho kinahitaji chombo cha kukihifadhi. Kikiachwa wazi hufyonza unyevu wa hewa na kulainika, na Nakuru, mji ambao jina lake husemekana kutoka neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, haukosi cha kukichafua. Kukifunga kila kimoja kwa plastiki ni kurudi mtaroni kwa njia nyingine. Ndoo ya chakula yenye kifuniko kinachobana, inayooshwa na kutumika tena, inatosha. Muuzaji atumie koleo, kwa kuwa mkono uliopokea pesa haufai kushika ukingo utakaoingia mdomoni.

Kwa wanaolenga wageni wa mbugani, tahadhari moja: kinacholiwa na mtu huliwa pia na nyani. Mabaki yasiachwe kwenye meza za mapumziko, na wanyama wasilishwe. Nyumbani, kikombe ambacho hakikuliwa ni taka ya kuoza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka za kuoza zitenganishwe na nyingine.

Kisheria, chombo kinacholiwa ni chakula. Anayekioka anahitaji leseni ya biashara ya kaunti, leseni ya usafi wa chakula kwa jengo analotumia, na cheti cha uchunguzi wa kiafya kwa kila anayeshika chakula, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Anayefunga bidhaa na kuzipeleka madukani au kwenye supamaketi anahitaji pia alama ya ubora ya KEBS, na lebo yenye viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Ngano, mayai na karanga zitajwe waziwazi, maana kuna watu ambao miili yao hudhurika kwa vyakula hivyo, na mtu anayepewa kikombe hatarajii kuuliza kimetengenezwa kwa nini. Anayeuza kwa kipimo kidogo bila lebo aandike viambato hivyo kwenye kibao mbele ya meza. Maafisa wa afya ya umma katika wadi hueleza utaratibu wa leseni na cheti, na ni vyema kuwaona kabla ya kununua trei na bati, kwa sababu jengo likikataliwa baada ya ukaguzi, gharama ya kuhama ni ya mwokaji.