Mwembamba Naye Huugua Sukari

Mtu akikonda huku anakohoa, hapa Punia, Maniema, majirani hutaja kifua kikuu, na wengine hutaja sumu. Sukari haimjii mtu akilini, kwa kuwa tumezoea kuiita ugonjwa wa wanene wa mjini. Sivyo. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua aina ya tano ya kisukari, inayowapata watu wembamba waliokosa chakula cha kutosha tangu utotoni.

Wengi waliozaliwa Maniema wakati wa vita vya 1996 na 1998 wanaijua njaa hiyo. Mtoto asiyeshiba huweza kukua na mapafu madogo. Kongosho, kiungo kinachotoa insulini, nacho huweza kubaki dhaifu. Ukubwani huongezeka moshi wa jikoni, tumbaku, na vumbi la mawe kwa wanaoponda madini ya kasiterite. Kisha sukari yenyewe hupunguza nguvu za mwili: mwenye kisukari hupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu zaidi ya mwingine.

Kwa hiyo anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi na sukari pia, hasa kama ana kiu isiyoisha na anaamka usiku kukojoa. Asubuhi kabla ya kula, sukari ya 126 mg/dl au zaidi ni ya kisukari; kwa kawaida hupimwa tena kuhakikisha. Akikutwa na magonjwa yote mawili, muganga ajue kila dawa anayomeza, kwa sababu rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya sukari.

Mgonjwa mwembamba asinyimwe chakula. Ushauri wa kupunguza kilo umeandikiwa watu wengine. Huyu apewe sombe, maharagwe, samaki wa mto na karanga. Bugali uwe wa kiasi, soda na chai ya sukari nyingi ziachwe. Kama ameandikiwa insulini, asiiache kwa sababu anajisikia nafuu.

Jambo moja huwadanganya hata wazoefu. Mwenye sukari akianza kuhema haraka na kwa kina, anatapika, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno, msimtafutie dawa ya kifua. Hapo ni sukari iliyopanda vibaya. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na njiani mpeni maji ikiwa bado anaweza kumeza.