SOMO LA KIINGEREZA: MANENO YA KAZI NA YA UHALIFU



Pengine unajiuliza: Kwa nini kitabu cha afya kinafundisha Kiingereza? Jibu ni hili. Mtu akivunjika mguu kazini, hospitali itamfunga mguu. Lakini kama hajui kusema kwamba aliumia kazini, atarudi nyumbani bila malipo, na watoto wake watalala njaa. Mwingine anatiwa buloko, naye hakuiba kitu. Kosa lake ni kutumia neno asilolijua. Huko buloko anapata baridi, njaa na kikohozi. Basi neno lisilofahamika linaweza kuumiza mwili kama maji machafu yanavyouumiza. Tujifunze kulichemsha kabla ya kulinywa.

1. KWA NINI SISI TUNAHITAJI MANENO HAYA

Mtu wa Burungu anasema Kihunde au Kinyarwanda nyumbani, na Kiswahili sokoni. Kule Walikale wengi wanasema Kinyanga. Shuleni na katika ofisi za serikali tunatumia Kifaransa. Kwa hiyo wazee wetu hawakuhitaji Kiingereza sana.

Lakini vita imewafukuza watu wengi. Mwaka 2012 Uganda ilifungua tena kambi ya Rwamwanja ili kupokea wakimbizi waliotoka Kivu ya Kaskazini. Wengine wako Nakivale na Kyangwali. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Lakini lugha ya ofisi na ya tribinali kule ni Kiingereza. Tena mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watu wetu wanavuka mpaka kutafuta kazi na biashara. Afadhali kujifunza maneno machache kabla ya kuvuka, kuliko kuyajifunza mbele ya polisi.

2. MANENO YA KAZI

"Work" ni kazi yote, hata kulima shamba lako mwenyewe. "Job" ni kazi ya kuandikwa, yenye mshahara.

"Employer" ni mwenye kuajiri. "Employee" ni mwenye kuajiriwa. Angalia mwisho wa neno. Moja linaishia kama "ya", ndiye anayetoa kazi. La pili linaishia kama "ii" ndefu, ndiye anayeipokea. Ukiandika jina lako mahali pa "employer", umejiita bwana wa kazi.

"Wages" ni malipo ya siku au ya juma, kama ya kibarua. Tamka: weijiz. "Salary" ni mshahara wa mwezi.

"Contract" ni mkataba. "Signature" ni sahihi yako. Alama ya kidole nayo ni sahihi. Usiweke kidole juu ya karatasi ambayo hukusomewa.

"Advance" ni pesa uliyopewa mbele ya kazi. Hiyo ni deni. "Deduction" ni pesa inayokatwa katika mshahara. Kabla ya kuanza kazi, uliza: Mtakata nini, na kwa sababu gani?

"Sick leave" ni ruhusa ya kupumzika kwa sababu ya ugonjwa. Lakini mtu akikuambia "leave" peke yake kwa sauti kali, anasema: Ondoka.

"Fired" maana yake umefukuzwa kazi. Usifikiri wanasema juu ya moto.

3. MANENO YA UHALIFU

"Crime" ni kosa ambalo serikali inaliadhibu. Kiingereza hugawanya wizi kwa namna nyingi, na kila namna ina adhabu yake.

"Theft" ni kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa. Mwenye kufanya hivyo ni "thief". "Robbery" ni kunyang'anya kwa nguvu au kwa kutisha. "Burglary" ni kuvunja nyumba na kuingia ili kuiba. "Fraud" ni kudanganya ili kupata mali. "Bribe" ni rushwa.

Kama mtu alichukua simu yako mezani ulipogeuka, usiseme "robbery". Sema "theft". Lakini kama alikuonyesha kisu, sema "robbery", maana hilo ni kosa kubwa zaidi.

Sasa jifunze ngazi hizi nne, maana watu wengi wanazichanganya. "Suspect" ni mtu anayedhaniwa tu. "Accused" ni aliyeshtakiwa. "Guilty" ni mwenye hatia. "Convicted" ni aliyehukumiwa na tribinali kwamba alifanya kosa. Mtu wa ngazi ya kwanza na ya pili bado hana hatia mbele ya sheria. Ndivyo inavyosema katiba ya Kongo ya mwaka 2006, na katiba ya Uganda ya mwaka 1995 vilevile. Kwa hiyo usimwite jirani yako mwizi kwa sababu umeona polisi akimchukua. Na wewe mwenyewe, ukiulizwa, usikubali neno "guilty" kwa sababu ya hofu au uchovu.

"Bond" ni ruhusa ya kutoka mikononi mwa polisi na kurudi siku watakayokuita. Katika Uganda, ruhusa hiyo ya polisi hailipiwi. "Bail" ni dhamana inayotolewa na tribinali, nayo inaweza kudai pesa. Mtu akikuomba pesa kwa ajili ya "police bond", kumbuka somo hili.

4. MANENO YANAYOFANANA NA KIFARANSA

Hapa ndipo mtu wa Kongo anapoanguka, hasa yule aliyesoma. Anaona neno la Kiingereza lenye sura ya Kifaransa, anafikiri ni ndugu mmoja. Kumbe si ndugu.

Tuseme kijana mmoja wa Masisi anajenga nyumba katika mji wa Uganda. Usiku anaona watu wawili wakitoa mifuko ya sementi katika ghala. Asubuhi polisi anakuja kuuliza. Kijana anakumbuka neno la Kifaransa "assister", maana yake kuhudhuria, kuwapo na kuona. Anajibu kwa Kiingereza: "I assisted." Lakini kwa Kiingereza "assist" ni kusaidia. Polisi anaandika kwamba kijana amekiri kusaidia wizi. Alitaka kuwa shahidi, naye sasa amejifanya mwizi kwa kinywa chake.

Alipaswa kusema: "I saw it." Maana yake: Niliona. Au: "I am a witness." Maana yake: Mimi ni shahidi.

Haya mengine ni ya kuangalia vilevile:

"Injury". Kwa Kifaransa "injure" ni tusi. Kwa Kiingereza "injury" ni jeraha au madhara ya mwili. Tamka: injari. Mganga akikuuliza "Any injury?", hakuulizi kama umetukanwa. Anataka kujua umeumia wapi. Mwonyeshe mahali.

"Prevention". Katika karatasi za tribinali zetu, neno hili kwa Kifaransa ni shtaka. Kwa Kiingereza ni kuzuia. Ukiona hospitalini "malaria prevention", usiogope. Hakuna aliyeshtakiwa. Ni kazi ya kuzuia malaria, kama kulala ndani ya chandarua.

"Licensed". Kwa Kifaransa "licencié" anaweza kuwa mtu aliyefukuzwa kazi. Kwa Kiingereza "licensed" ni mwenye kibali cha serikali. "Licensed driver" ni dereva mwenye kibali cha kuendesha gari.

"Stage". Kwa Kifaransa ni kazi ya kujifunza. Kwa Kiingereza ni jukwaa. Kama ulijifunza kazi katika hospitali, sema "training".

5. MANENO YENYE NYUSO MBILI

"Fine". Ukisema "I am fine", unasema: Mimi ni mzima. Lakini "pay a fine" ni kulipa amande.

"Charge". Hospitalini ni bei ya matibabu. Kwa polisi ni shtaka.

"Sentence". Shuleni ni mstari wa maneno. Katika tribinali ni hukumu, kama miaka ya buloko.

"Cut". Kwa mganga ni jeraha la kukatwa. Kwa karani, "pay cut" ni kupunguziwa mshahara.

"Free". Ni huru, tena ni bila kulipa. Mtu akikuahidi kazi ya mbali na "free ticket", uliza: Nani atalipa tikiti hii, na je, nitakatwa pesa hiyo baadaye?

6. KAZI INAPOKUWA UHALIFU

Wazee wetu wanajua kwamba zamani kazi na buloko zilikaa karibu. Wakati wa Wabelgiji, mwanakijiji alilazimishwa kulima mimea ya serikali. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu, siku za kazi hiyo ziliweza kufika 120 kwa mwaka, badala ya 60. Asiyelima alitiwa buloko. Siku zile, mwenye kukataa kazi ndiye aliyeitwa mkosaji.

Leo sheria imegeuka. Mapatano ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1930 yanaeleza kazi ya kulazimishwa kwa alama mbili: mtu anatishwa kwa adhabu, na hakujitoa mwenyewe kwa hiari. Kwa Kiingereza inaitwa "forced labour". Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inaikataza katika kifungu cha 16. Basi mtu mwenye bunduki akiwalazimisha watu kubeba mizigo au kuchimba madini, mkosaji ni yeye, wala si yule aliyekimbia.

"Child labour" ni kazi inayomdhuru mtoto au kumtoa shuleni. Mapatano ya mwaka 1999 yanakataza kabisa kazi za hatari kwa kila mtu aliye chini ya miaka 18. Shimo la madini ni kazi ya namna hiyo. Udongo huanguka, na vumbi la mawe huingia mapafuni, wala halitoki tena.

"Trafficking" ni kumsafirisha au kumpokea mtu kwa hila au kwa nguvu ili kumtumikisha. Alama zake ni hizi: Bwana wa kazi anachukua karatasi zako na kuzificha. Anasema una deni, na deni haliishi. Anakukataza kupiga simu nyumbani. Ukiona moja ya alama hizo, tafuta msaada upesi.

7. MANENO YA KUSHIKA MOYONI

Soma kwa sauti. Rudia kila siku mpaka ulimi uzoee.

"I do not understand." Sifahamu.

"Please bring an interpreter." Tafadhali leteni mkalimani.

"I saw it. I did not do it." Niliona. Sikufanya.

"I was injured at work." Niliumia kazini.

"Please read it to me." Tafadhali nisomee.

"Give me a copy." Nipe nakala yangu.

Sentensi mbili za kwanza ndizo kubwa kupita zote. Watu wengi wanaona haya kusema kwamba hawafahamu. Wanajibu "yes" kwa kila ulizo ili wamalize upesi. Usifanye hivyo. Mwenye kusema "yes" kwa neno asilolijua ametia sahihi katika giza. Katiba ya Uganda inasema kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na katika tribinali apewe mkalimani bila kulipa. Katiba ya Kongo nayo inaagiza mtu aelezwe sababu kwa lugha yake ya kufahamu, na polisi wasimshike kupita saa 48 bila kumpeleka mbele ya mwenye mamlaka ya sheria au kumwachilia. Basi kuomba mkalimani si utovu wa adabu. Ni haki yako.

Na ukiumia kazini, fanya mambo matatu. Kwanza, mwambie bwana wa kazi siku ileile, mbele ya shahidi. Pili, enda hospitali, umwambie mganga saa, mahali, na namna ulivyoumia, ili ayaandike. Tatu, tunza karatasi hiyo mahali pakavu. Sheria ya Uganda inampa mfanyakazi aliyeumia kazini haki ya kudai fidia. Katika Kongo, ajali ya kazi inapelekwa kwa CNSS, iliyoitwa zamani INSS. Lakini asiye na karatasi atasumbuka sana kuonyesha neno lake ni la kweli.

MAULIZO

1. Uliona mtu akiiba. Utasema "I assisted" au "I saw it"? Kwa sababu gani?

2. Mganga anakuuliza: "Any injury?" Anataka kujua nini?

3. Kuna tofauti gani kati ya "accused" na "convicted"?

4. Taja alama mbili za kazi ya kulazimishwa.

5. Polisi anasema neno ambalo hulijui. Utajibu namna gani?

Ukimaliza kujibu, mfundishe mtu mmoja wa nyumbani mwako. Kama yuko kijana anayejitayarisha kuvuka mpaka, anza na yeye.