Nyota Nne za Utosini: Vidokezo vya Kuitazama Trapeza

Mwombe mtu wa Pwani akuonyeshe nyota changa, atakunyooshea kidole Kilimia, na hatakuwa amekosea sana. Ila Kilimia kina umri wa miaka milioni 100 hivi. Kusini-mashariki yake, katikati ya upanga wa kundinyota la Jabari, kuna kundi dogo la nyota ambazo umri wake ni kama miaka milioni moja tu, na kinara wao anawaka kwa joto ambalo hakuna nyota ya Kilimia inayolikaribia. Wanaastronomia wanaliita Trapeza, kwa kuwa nyota zake nne kuu zimekaa katika umbo lile lile tulilosumbuka kulitafutia eneo shuleni. Jina lake la kwenye daftari la anga ni Theta 1 ya Jabari.

Watu wa Tanga, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam hupitiwa nalo juu ya vichwa vyao. Ukiwa Mkoani, Pemba, linapita utosini kabisa. Mtazamaji wa London angetoa nauli apate nafasi hiyo, nasi tunaipata tukiwa barazani.

1. Anza na nyota, wingu litakuja lenyewe

Picha zote maarufu za eneo hili zinaonyesha nebula, yaani lile wingu kubwa la gesi na vumbi lenye rangi za waridi. Zuri, sikatai. Lakini wingu hilo linang'aa kwa sababu ya hizo nyota nne, na hasa moja tu, iliyopewa herufi C. Uso wa Jua letu una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Uso wa C unakaribia 39,000. Uzito wake unazidi mara 30 ule wa Jua, na nguvu ya mwanga wake hukadiriwa kuwa mara 200,000 hivi. Sehemu kubwa ya mwanga huo hatuioni, kwani ni miale ya urujuanimno, ndugu wa ile inayotubabua ngozi ufukweni. Miale hiyo inapoigonga haidrojeni ya jirani huzing'oa elektroni zake. Zikirudi mahali pake, gesi hutoa mwanga. Ukiizima C, sehemu kubwa ya nebula itafifia.

Si hivyo tu. Darubini ya angani ya Hubble ilipoelekezwa huko miaka ya 1990, iliona nyota ndogo nyingi zikiwa zimezungukwa na visahani vya vumbi na gesi, aina ile ya visahani vinavyozaa sayari. Vile vilivyo karibu na C vina mikia, kwa sababu miale yake inavichoma na kuvipeperusha. Mahali penye uzazi wa dunia mpya, mkubwa wa mtaa anaziunguza kabla hazijaumbika. Ndiyo maana nasema macho yako yaanze kwa nyota.

2. Subiri kaskazi

Baada ya mvua za vuli na kabla ya masika, anga la Pwani hutulia na kuwa jeupe. Huo ndio msimu wake. Katikati ya Desemba Trapeza hufika juu kabisa saa sita na ushei usiku, muda ambao si rafiki kwa mwenye kazi asubuhi. Mwanzoni mwa Februari hufika huko saa tatu na robo usiku, na mwishoni mwa mwezi huo saa moja na nusu. Kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ya kuwaita watoto na majirani.

3. Usiuamini mchoro wa kitabu cha Ulaya

Vitabu hivyo humchora Jabari amesimama wima, na upanga wake unaning'inia chini ya mkanda. Huko kwao ni sawa. Kwetu Jabari huchomoza amelala ubavu. Jioni za Desemba, ukielekea mashariki, tafuta nyota tatu zilizopangana mstari. Huo ndio mkanda. Upanga utauona upande wa kulia wa mkanda. Baadaye, Jabari akishuka magharibi nawe ukageuka kumtazama, upanga utakuwa kushoto. Ni mstari mfupi wa nuru hafifu, na ile ya katikati inaonekana kama ina ukungu. Hapo ndipo.

4. Usiipige darubini wima

Kuna kejeli kidogo hapa. Bahati yetu ya kuwa na Trapeza utosini ndiyo inayowasumbua wenye darubini za kawaida. Darubini nyingi za bei nafuu huzunguka kushoto na kulia, kisha hupanda na kushuka. Ikielekezwa juu kabisa, ule mzunguko wa kushoto na kulia hauna msaada tena, mkebe unagonga miguu ya tripodi, na wewe unaishia kupiga magoti chini ya mashine. Tazama saa moja au mbili kabla haijafika utosini, au muda kama huo baada ya kupita. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo saa mbili zinatosha kuishusha nyuzi 30 kutoka wima, na bado itakuwa juu ya moshi na vumbi la mjini.

Mwenye macho matupu au darubini ya macho mawili hana shida hii. Tandika mkeka, lala chali.

5. Jua kifaa chako kinaweza nini

Kwa macho matupu utaona nukta yenye ukungu. Kwa darubini ya macho mawili utaona wingu lenyewe na nyota kadhaa, lakini zile nne bado zitaonekana kama moja. Kuzitenganisha kunahitaji darubini halisi, ingawa si kubwa: yenye lenzi ya milimita 60 na ukuzaji wa mara 50 inatosha. Upande mrefu wa kundi zima ni sawa na punje ya hindi iliyowekwa goli la pili huku wewe umesimama kwenye goli la kwanza.

Habari njema kwa watu wa mjini ni kwamba taa za barabarani huliua wingu lakini haziziui nyota hizi. Paa la ghorofa Kariakoo linafaa. Hata Mwezi ukiwepo, zitaonekana.

6. Ukiona tatu, usivunjike moyo

Mwaka 1617 Galileo alielekeza darubini yake hapo, akachora nyota tatu. Ya nne haikuwamo. Wingu nalo hakulichora, japo Mfaransa Peiresc alikwishaliona mwaka 1610. Christiaan Huygens naye, mwaka 1656, aliona tatu. Ya nne ilikuja kutambuliwa miaka ya baadaye katika karne hiyo hiyo.

Inayopotea ni B, dhaifu kuliko zote nne. Herufi hazikufuata mng'ao, zilifuata mpangilio kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana C ndiyo kinara na B ndiyo ya mwisho. Anza na ukuzaji mdogo, itafute C, kisha panda hadi mara 80 au 100. Zikimetameta sana, hewa ya juu imechafuka. Kuongeza ukuzaji kutakupa uji. Tulia, tazama dakika kadhaa bila kuondoa jicho. Hewa hutulia kwa vipindi, na katika kipindi kimoja cha namna hiyo B itajitokeza kama iliyochomwa kwa sindano.

7. Umande si wa kufutwa na khanga

Usiku wa Pwani una unyevu, na lenzi ikipoa hufunikwa na umande. Usifute. Chumvi na vumbi vitachora lenzi, na hiyo hairekebishiki. Tengeneza kofia ndefu ya karatasi ngumu uizungushie mdomo wa darubini, au iache kando ya feni mpaka ikauke.

8. Usidai rangi

Jicho halikusanyi mwanga kama kamera. Wingu litaonekana la kijivu, pengine lenye ukijani kidogo kwa darubini kubwa. Nyota zenyewe ni nyeupe zenye kibuluu. Ukitaka kupiga picha kwa simu kupitia lenzi ya jicho, punguza muda wa kupokea mwanga. Ukiuacha mrefu utapata wingu zuri na doa moja jeupe mahali pa nyota nne. Picha nyingi zinazosambaa zina doa hilo.

9. Linganisha A na D

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Kwa kawaida A na D zina mng'ao unaokaribiana sana. Usiku mmoja unaweza kukuta A imefifia, ikawa inakaribia B. Macho yako hayana kosa. A ina mwenzake anayeizunguka, na kila baada ya siku 65.4 mwenzake huyo hupita mbele yake kwa upande wetu na kuiziba. Kupatwa huko hukata zaidi ya nusu ya mwanga wake na hudumu karibu saa 20, kwa hiyo usiku mzima unaweza kuangukia humo.

Cha kustaajabisha ni kwamba kundi hili lilitazamwa na kupimwa kwa zaidi ya karne tatu kabla mtu hajaligundua hilo, miaka ya 1970! B nayo hupatwa, kila baada ya siku 6.47, na wanaoifuatilia wanasema ndani yake mna nyota zisizopungua tano. C ina mwenzake anayemaliza mzunguko kwa miaka 11 hivi. D pia haiko peke yake. Kile unachohesabu kama nne ni zaidi ya kumi zilizobanana, na mpangilio wa aina hii hauna utulivu: mvutano wa zote dhidi ya zote humsukuma mmoja nje, kisha mwingine. Unaliona kundi katika kipindi kifupi kabla halijatawanyika. Tena unaliona kwa kuchelewa, maana liko umbali wa zaidi ya miaka nuru 1,300. Mwanga unaoingia jichoni mwako uliondoka huko wakati Banu Umayya wakitawala Damascus.

Andika tarehe, saa, na ipi kati ya A na D inang'aa zaidi. Neno moja kwenye daftari kila usiku linatosha.

10. Mwenye darubini ya milimita 150 atafute E na F

E iko ubavuni mwa A, F ubavuni mwa C, zote dhaifu. E iligunduliwa na Struve mwaka 1826, F na John Herschel mwaka 1830. Mng'ao wa C huimeza F, kwa hiyo anza na E.

11. Kabla hujafunga vifaa, sogea nyuzi tatu kaskazini

Karibu na ncha ya mashariki ya mkanda kuna Sigma ya Jabari, mfumo mwingine wa nyota changa na moto, wenye umri wa miaka milioni mbili hadi tatu hivi. Inaonekana kwa macho matupu, na kwa darubini ndogo inagawanyika: kinara mweupe, wawili wa wastani upande mmoja, na wa nne aliyefifia sana upande wa pili wa kinara. Kinara huyo ni nyota tatu zilizokaribiana mno, wala darubini yako haitazitenganisha. Mwanga wake ndio unaolichoma wingu lililo nyuma ya Nebula ya Kichwa cha Farasi. Kichwa chenyewe usikitafute kwa darubini ya milimita 60, utapoteza usiku. Hesabu wanne, kisha rudi A na D utazame mara ya pili, hasa kama mara ya kwanza ulikuwa na shaka.