MGENI NDANI YA PIPA LA MAJI: TUMTAMBUEJE?

Baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo hapa Holili, mama mmoja alinifuata akiwa na chupa ya kioo iliyofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na maji ya pipa lake na viumbe wa aina tatu: konokono mdogo bapa, vidudu vinavyojinyonganyonga karibu na uso wa maji, na kijinyoo chekundu kama uzi wa sufu. Mwanawe wa miaka sita alikuwa akitokwa damu puani kwa siku tisa. Akaniuliza, "Sista, ni yupi kati ya hawa anayemwua mwanangu?"

Tutafika kwenye jibu lake. Kwanza tujifunze kuwatazama hawa wageni, maana sehemu zetu hizi za chini ni kame, na maji hayakai bombani kila siku. Familia nyingi huweka akiba katika mapipa, madumu na matanki, na bomba likikauka huchota mtoni, bwawani au kwenye mfongo. Kila ndoo inayochotwa huko huja na abiria wake. Wengi wao hawana neno. Wachache wana neno kubwa, na mtu asiyewatofautisha huishi kwa hofu bure au kwa raha ya hatari.

Chota maji kwa glasi safi, iweke juu ya karatasi nyeupe penye mwanga, uiache itulie robo saa. Usitikise. Kisha tazama mambo matatu: mdudu anakwendaje, anapanda juu kuvuta hewa au la, na je, ana gamba?

KIJINYOO CHEKUNDU

Huyu ndiye anayetisha watu kuliko wote, na ndiye asiye na kosa. Hukaa chini kwenye matope ya tanki na hujipinda mfano wa namba nane anapoogelea. Wazazi humdhani ni mnyoo wa tumboni. La hasha! Huyu si mnyoo kabisa, ni mtoto wa mdudu mdogo anayefanana na mbu lakini haumi. Wekundu wake unatokana na kitu kilekile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu; humsaidia kuishi kwenye tope lenye hewa haba. Ukimwona, jua tu kwamba tanki lina uchafu chini na halifunikwi.

Hali kadhalika yupo mnyoo mwembamba kama unywele wa mkia wa farasi, mrefu kuliko kiganja, anayejifunga mafundo majini. Utoto wake huupitisha ndani ya panzi na nyenje, na hana haja na mwanadamu. Minyoo ya tumbo kama askari haiishi ndani ya pipa. Kinachoweza kuingia ni mayai yake, nayo huyaoni kwa macho. Ndiyo sababu maji ya kunywa huchemshwa hata yakiwa maangavu.

WANAONING'INIA JUU

Vile vidudu vinavyojinyonganyonga ni viluwiluwi vya mbu. (Watoto wa chura nao twawaita hivyohivyo, lakini hao wana kichwa kikubwa na mkia, hutawakosea.) Tazama wanavyotulia wanapovuta hewa. Akilala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, huyo ni wa mbu wa malaria, naye hupatikana zaidi madimbwini na mashambani kuliko ndani ya pipa. Akining'inia kichwa chini, mkia juu, ni wa mbu wengine. Katika mapipa yetu mara nyingi ni yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana.

Mbu huyu ni abiria wa zamani mno. Katika karne za biashara ya watumwa alivuka bahari kutoka Afrika hadi Amerika ndani ya mapipa ya maji ya merikebu, akapeleka huko na homa ya manjano. Hapa kwetu ndiye anayeeneza kidingapopo, yaani homa ya dengue, iliyowalaza wengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Ndiye pia aenezaye chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza duniani katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala, mwaka 1952. Jina lenyewe ni la Kimakonde na lahusu kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopindwa na maumivu ya viungo.

Sasa angalia kosa tunalofanya. Mama anaona viluwiluwi, anamwaga maji, anasuuza, anajaza tena. Baada ya wiki wamerudi, naye analaumu aliyemwuzia maji. Kumbe mbu huyu hubandika mayai yake ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Maji yakipanda tena, huanguliwa. Kwa hiyo kumwaga hakutoshi: sugua kuta za pipa kwa brashi au steelwire kila wiki, maana kwenye joto la huku yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Kisha funika pipa pasiwe na upenyo.

MWENYE GAMBA

Hapa ndipo nilipomwambia mama yule akae chini tuzungumze. Konokono wa kichocho huja kwa maumbo mawili. Wa kichocho cha tumbo ni bapa, amejiviringisha kama ngata ya kubebea ndoo. Wa kichocho cha mkojo amechongoka. Ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama, mdomo huo huwa upande wako wa kushoto. Mdomo ukiwa kulia, aghalabu ni konokono wa aina nyingine, na mmojawapo wa hao hubeba mnyoo wa ini la ng'ombe na mbuzi. Wafugaji wamkumbuke.

Mtu mwenye kichocho akienda haja majini au kando yake, mayai ya mnyoo huanguliwa na kuingia ndani ya konokono. Baada ya majuma kadhaa konokono huanza kutoa vijidudu visivyoonekana, mamia kwa maelfu kwa siku, hasa mwanga ukiwapo. Hivyo hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayecheza majini. Si lazima unywe.

Wengi mmefundishwa kwamba maji yakilazwa siku mbili huwa salama kwa kuogea. Ni kweli, kwa sababu vijidudu hivyo visipopata mtu hufa katika muda wa saa 48 hivi. Lakini hesabu hiyo ni ya maji yasiyo na konokono! Akiwemo mmoja mwenye maambukizo, kila siku anaongeza vipya, na hata ulaze mwezi mzima hujafanya kitu. Kwa kumtazama huwezi kujua kama ameambukizwa au la. Mhesabu kuwa ameambukizwa. Chuja maji kwa kitambaa kizito wakati wa kuyamimina pipani, ndipo uanze kuhesabu siku mbili. Uliyemkamata umponde mahali pakavu, usimrudishe mfongoni kwa jirani wa chini.

Dalili ni damu katika mkojo, au maumivu ya tumbo na choo chenye damu, na kwa miaka mingi ini huharibika. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito au urefu wa mgonjwa na watoto hupewa mashuleni. Lakini dawa haimkingi mtu anayerudi maji yaleyale kesho yake.

ASIYEKUWEMO CHUPANI

Je, na damu ya puani? Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyehusika. Nilimwuliza mama: damu inatoka tundu zote mbili? Akajibu, la, ya kulia tu. Mtoto amewahi kunywa maji kwa kuinama kijitoni? Ndiyo, akichunga mbuzi. Hapo nikamhofia ruba.

Ruba mchanga ni mwembamba kama uzi. Huingia na maji puani au kooni, hung'ang'ania, hunyonya na kunenepa. Mate yake huzuia damu isigande, ndiyo maana haikomi. Mtoto husema kuna kitu kinatembea puani. Akiwa kooni, mgonjwa hukohoa na kutema damu, watu wakadhani ni kifua kikuu. Ikiendelea siku nyingi, mtoto hupungukiwa damu. Katika glasi utamjua kwa mwendo: hushika kwa kinywa, huvuta mkia, hujipinda kama upinde, kisha hurefuka tena. Mwenzake asiye na madhara, mwenye kichwa kama mshale, huteleza tu bila kujipinda.

Usimchokoe kwa kijiti, usimvute kwa nguvu, wala usimtie mtoto mafuta ya taa au ugoro puani. Mpeleke hospitali, kama ni Kilema, Huruma au KCMC, nao watamtoa kwa koleo baada ya kumtia ganzi. Ukiwa na mdudu mwenyewe, mpeleke ndani ya chupa pamoja na maji yake.

Mtoto yule alitolewa ruba mmoja, mrefu kama kidole chake kidogo, na damu ikakoma siku ileile. Konokono wa kwenye chupa alikuwa wa aina ya ngata. Juma lililofuata mama aliwapeleka watoto wake wote watatu kupimwa choo, na pipa akalilaza juani, kinywa wazi, baada ya kulisugua.